Vidonge vya Mchina, Nusu kwa Nusu

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki Wandegeya, mara ya tatu. Nimepuliza kile kibomba cha kupima pumzi. Kishale kiliruka mpaka mwisho, Sista akashika meza isipeperuke. Anaandika tu, hata hanipongezi. Wivu. Pumu inaondoka. Miaka kumi nimelala nimekaa, sasa napanda ngazi za duka ninalolinda bila kusimama. Dawa ni majani ya Kichina, yamesagwa, yametiwa kwenye vidonge vya rangi mbili. Ni majaribio: wengine wanapewa dawa ya kweli, wengine unga mtupu. Mwenyewe huambiwi. Atakayemaliza miezi mitatu bila kosa atapewa ya kweli mwaka mzima, bure.

Alhamisi, 7 Machi
Opio, jirani yangu. Tulitoka jeshini pamoja baada ya vita, mimi sajenti, yeye mtu wa kubeba sufuria. Naye ana pumu, naye yuko kwenye majaribio. Akikohoa, ukuta wetu unatikisika. Leo tumefungua vidonge, tumeonja. Changu kichungu, ulimi ulikufa ganzi mpaka saa kumi. Chake kama unga wa muhogo. Nimecheka. Halafu nimemwonea huruma. Tumechanganya makopo yote mawili, tukagawana nusu kwa nusu. Akanipigia saluti: "Afande, wewe ndugu yangu wa tumbo moja." Mtu niliyembeba mgongoni vitani kilomita arobaini, nimnyime dawa? Labda kumi. Lakini nilimbeba.

Jumatatu, 18 Machi
Kishale kimefika nusu ya safari. Nimesingizia vumbi. Opio amenishinda kupuliza. Sista amemwita ndani peke yake. Ametoka anaangalia viatu vyangu.

Jumanne, 19 Machi
Nimefukuzwa. Daktari anajua yote. Opio amemwambia nilifungua vidonge, nikampelekea nusu, yeye akakataa. Akakataa! Nimesimama pale kama mwizi wa kuku. Daktari amenipa pampu ya kuvuta, ile ile ya zamani. "Pole, mzee," amesema. Opio anaendelea.
Nimemgongea mlango. "Afande, wangetutoa wote wawili. Bora mmoja apone."
Bora mmoja. Na huyo mmoja ni yeye. Ningempiga. Sikuwa na pumzi.

Jumamosi, 23 Machi
Nimekaa kitandani, pampu mkononi. Opio anafagia nje, anapiga mluzi, wimbo mzima bila kukatika. Kisha amesimama mlangoni kwangu. "Afande, nimechemsha chai." Nimesikia anaweka kikombe chini, polepole, anaondoka.
Kiko nje mpaka sasa.