Bati la Upepo Juu ya Pikapu

Jumatatu, 12 Januari

Nimekamua. Nimewapa kuku maji. Mzee wangu bado yuko chini ya trela na tochi, tangu asubuhi.

Tangu macho yake yafifie, mimi ndiye dereva wa nyumba hii. Yeye aliendesha malori ya majani chai miaka thelathini. Mimi nilifundisha darasa la nne. Sikudhani nikistaafu nitavuta nyumba barabarani. Maana trela hii ni nyumba kweli: kitanda, jiko la gesi, madirisha mawili. Aliinunua kuukuu kwa mkulima aliyekuwa anahama.

Ijumaa tunaipeleka Londiani kwa wifi yangu Esther. Alipasuliwa mwezi wa kumi, tukamlilia kabla ya wakati, na sasa anatembea. Sala ya shukrani ni Jumamosi. Nyumba yake itajaa wageni, kwa hiyo tutalala kwenye trela.

Namshukuru Mungu kwa wifi. Kwa trela, bado.

Jumanne, 13 Januari

Mzee anataka bati la upepo. Linafungwa juu ya kichwa cha pikapu, limeinama, ili upepo upandishwe upite juu ya trela badala ya kuipiga usoni. Anasema litapunguza mafuta, litaituliza trela, injini haitachemka mlimani. Dawa ya magonjwa yote.

Nimekataa. Pikapu yetu hupanda milima ya huku kwa mwendo wa ng'ombe. Upepo gani huo?

Ameenda kukaa karibu na zizi.

Saa tisa nikimwaga majivu ndipo nimeelewa. Hataendesha tena, anajua. Anatafuta kitu ambacho mikono yake bado inaweza. Nimeona aibu. Nimemwambia aite fundi.

Jumatano, 14 Januari

Fundi wa kuchomelea hapa Sigor amelifunga. Mzee alibandika vipande vya uzi wa sweta usoni mwa trela. Nikaendesha, fundi amekaa nyuma ya pikapu akitazama nyuzi. Mara ya kwanza bati lililala mno, nyuzi zikabanwa kwenye trela kama zimegundishwa. Akaliinua. Mara ya pili zikalegea, zikacheza tu.

Mzee alicheka kama kijana. Sikumbuki lini alicheka hivyo.

Alhamisi, 15 Januari

Nimepima mwenyewe. Bomet kwenda na kurudi bila bati, halafu tena na bati. Trela nyuma safari zote mbili.

Mafuta: karibu yale yale. Tofauti haijazi chupa ya soda. Milima na matuta vimekula faida yote. Lakini pale barabara inaponyooka, nikiongeza mwendo, pikapu haikuvutwa nyuma sana, na mshale wa joto ulitulia chini. Kelele pia imepungua.

Si bure. Si muujiza. Nimemwambia hivyo hivyo. Amesikia neno la kwanza tu.

Ijumaa, 16 Januari

Tumefika. Kericho mvua ilitunyeshea, baadaye jua. Mlimani injini haikuchemka. Mzee alinitazama kila mara mshale ulipotulia. Sikumpa hiyo raha.

Esther alitoka kutupokea hadi langoni. Kwa miguu yake. Nililia mbele ya watu wote.

Jumamosi, 17 Januari

Sala imekwisha. Watu wengi, maziwa mengi ya mursik kutoka vibuyuni, nyimbo nyingi. Esther alisimama akasema "kongoi" mara tatu, akashindwa kuendelea. Ilitosha. Asante ikisemwa mara tatu haihitaji hotuba.

Nimechoka vizuri.

Jumapili, 18 Januari

Tumerudi Sigor. Naandika polepole.

Esther alitupa viazi, magunia manne. Mzee akaelekeza wapwa zake wayapange nyuma kabisa ya trela, ili mlango usizibwe. Niliona trela imeinua pua. Nikanyamaza. Nilijiambia, yeye ndiye mjuzi, na bati lipo.

Tulipita njia panda ya Londiani tukashika kuelekea Kericho. Mteremko, mahali peupe, upepo wa ubavuni. Lori la mbao likatupita kwa kasi. Kwanza lilituvuta kwake, halafu likatusukuma. Trela ikaenda kushoto. Kulia. Kushoto zaidi. Pikapu nzima ikawa mkia wa trela. Bati lilikuwa linavuma tu juu ya vichwa vyetu, halina msaada.

Mguu wangu ulitaka breki.

"Mama Chebet, usikanyage breki." Mzee hakupiga kelele. "Toa mguu kwa mafuta. Shika stelingi hivyo hivyo. Usiikimbize trela. Hivyo hivyo."

Niliiacha pikapu ipunguze mwendo yenyewe. Trela ikayumba, ikayumba kidogo, ikafuata. Nikaegesha kando ya msitu.

Mzee alishuka, akapapasa mahali trela inaposhikana na pikapu, akaiinua kidogo kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Akakaa kwenye nyasi.

"Ni mimi," alisema. "Uzito wote uko nyuma. Nimepakia lori maisha yangu yote, na leo nimepakia kama mtu hajui. Niliamini bati."

Nilitaka kumkasirikia. Sikuweza. Yeye ndiye aliyekosea, na sauti yake ndiyo iliyotuokoa. Nilimwambia yote mawili. Na kwamba mimi niliona pua imeinuka nikanyamaza.

Mama mmoja aliyekuwa anauza karoti alivuka barabara na wanaume wawili. Hawakuuliza mengi. Waliyasogeza magunia juu ya magurudumu, mbele kidogo. Nilijaribu kuwapa viazi, mama akakataa. "Mimi nimeona vile ilikuwa inacheza," alisema. "Endeni tu nyumbani."

Njia yote hadi Sigor trela ilitulia. Sijui jina lake yule mama. Nimemwombea bila jina.

Jumanne, 20 Januari

Fundi amepita kuuliza kama bati linafaa, kuna mtu wa Kabianga anataka lake. Nimemwambia ukweli. Barabara ndefu iliyonyooka, ndiyo, linafaa kidogo. Milima yetu, si sana. Trela ikiyumba, aangalie mzigo kwanza. Mzee alikuwa amesimama karibu. Akatikisa kichwa kukubali.

Bati letu halitang'olewa. Nimeamua hivyo, sijaeleza kwa nini.

Mchana mvua ndogo. Tumekunywa chai kwenye ngazi ya trela, mabega yamegusana kwa sababu ngazi ni nyembamba. Ameuliza tutaenda wapi mwezi ujao. Nimemwambia achague njia.

Amefikiri muda mrefu. Bado anafikiri.