Haukuwa Mchanga wa Dagaa Wako, Kaka

Kaka yangu mpendwa Deo,

Najua ukiuona mwandiko wangu utatamani kuikunja karatasi hii ufungie dagaa. Subiri kwanza, waitu, soma mpaka mwisho, halafu ufungie unachotaka. Kabla sijaikabidhi kwa watu wa boti nitaisoma kwenye jumuiya yetu hapa Hamugembe, Jumamosi hii, nikiwa nimesimama. Nilikuaibisha mbele ya watu, na msamaha siwezi kukuomba kwa kunong'ona.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Jumuiya ilikuwa imekuja kusali kwangu. Wewe ulikuwa umetoka kisiwani Goziba asubuhi hiyo, gunia la dagaa wa kuku wangu umelishusha kwenye bodaboda, hata viatu hujavua. Nikakukaribisha chai. Halafu mama mmoja akauliza kuku wangu wanaendeleaje, na mdomo wangu unaujua, haukusubiri. Nilisema wanakufa kwa sababu kaka yangu wa tumbo moja ananiletea mchanga wa kisiwani na kuuita dagaa. Ulikiweka kikombe chini polepole, ukampa mwenyekiti mkono, ukatoka. Krismasi mbili zimepita tangu hapo, na simu yangu huipokei.

Haukuwa mchanga, Kaka. Nakwambia mapema usije ukachoka kunisoma kabla hujafika kwenye ukweli.

Ulipoondoka nilijifanya mshindi. Nikanunua dagaa wa mtu mwingine, wasafi, nimewachambua kwa vidole vyangu. Kuku wakaendelea vilevile. Mayai yakapungua, na yaliyotagwa yakawa na ganda jembamba ambalo ukilishika vibaya linabonyea. Manyoya yakachafuka, wengine wakawa wanakaa tu pembeni na kichwa wamekiinamisha. Nikaacha dagaa kabisa. Bado wakafa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana yule niliyekuwa namlaumu hakuwepo tena, na msiba ulikuwa umebaki bandani.

Nikamwita mtaalamu wa mifugo wa kata, dada mmoja mpole ambaye haongei sana. Alimpasua kuku aliyekuwa amekufa asubuhi hiyo, akanionyesha ini. Kaka, wewe umechinja kuku wengi, unajua ini linavyokuwa. Lile lilikuwa la njano, na alipolibonyeza kwa kidole lilivunjika. Akaniuliza mahindi nayaweka wapi.

Nikampeleka jikoni kwa kujivuna kabisa. Nikamwonyesha yetu ya kula, makavu, yako juu darini. Na kwenye kona, sakafuni, gunia lililoletwa kutoka nyumbani Izimbya. Akaingiza mkono, akatoa punje, akazinusa.

"Haya ni ya nini?"

"Hayo ni mahindi ya kuku," nikamjibu.

"Nani alikwambia ni ya kuku?"

Kwetu jina hilo tumezaliwa tukalikuta. Mama anakaa mlangoni na ungo wake baada ya mavuno, mvua zetu hizi zimeshayalowesha mahindi, anachambua. Mafungu yalikuwa matatu: ya mbegu, ya kula, na yale yenye ukungu wa kijani na kijivu. La tatu hakulitazama mara mbili. Alilisukuma kwa mguu na kusema, haya ya kuku. Kutupa chakula ilikuwa dhambi ya kuungama, na kuku hakuwa mtu wa kulalamika. Hivyo miaka yote hii Mama anachambua, ananitumia hayo kwa upendo kabisa, na mimi nayasaga nawapa kuku wa mayai mia mbili waliokuwa wanategemea mikono yangu.

Unadhani sikuyafanyia kitu? Niliyaanika juani, nikayapepeta, nikayaona yamekuwa meupe, nikaridhika. Yule dada akanieleza kwamba ukungu unaweza kuupangusa, lakini sumu uliyoiacha ndani ya punje haiondoki kwa jua wala kwa kukaanga. Wanaiita sumukuvu. Inakula ini la kuku kidogo kidogo, na inaweza kupita mpaka kwenye yai. Aliposema yai, nilifikiria watoto wa mtaa huu wanaokuja kununua moja moja, na wanangu, na wewe, niliyekufungashia trei nzima kila uliporudi kisiwani.

Kisha nikakukumbuka wewe ukiwa na miaka kumi.

Mama alikuwa akikupa lile fungu la tatu ukawamwagie kuku, nawe unakwenda nalo nyuma ya migomba ya kibanja, unalichimbia shimo. Mimi nilikuwa nakuona. Mama naye akaja kugundua, kwa sababu kuku walikuwa wanakuja mlangoni na njaa. Akakuchapa na kijiti cha mbuni wa kahawa, akakuuliza kwa nini unazika chakula cha watu. Ulikuwa unalia, kamasi mpaka mdomoni, lakini ulijibu: "Kuku nao wana tumbo, Mama." Tulikucheka mwaka mzima. Ukipita, nilikuwa nashika tumbo langu na kulia kama kuku. Mimi ndiye niliyekutania kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuja kukusimamisha mbele ya watu nikasema unaua kuku.

Nilipoanza ufugaji, banda hili ulilijenga wewe. Ulikuja na nyavu chakavu za dagaa, ukazipigilia madirishani ili kicheche asipite na hewa iingie, ukaniambia nisiweke chakula chao sakafuni, kinavuta unyevu. Nilikujibu wewe ni mtu wa samaki, niachie kuku. Nyavu zako bado zipo. Kila asubuhi nikifungua banda naziona, na aibu inanipata upya.

Sasa nikwambie habari nzuri, maana zipo. Gunia lile nililichoma lote. Mahindi nanunua makavu, nayauma kwa jino kwanza, nayaweka juu ya mbao. Na kwa kuwa huku kwetu mvua haina ratiba, na pumba za mashineni hujui zimetoka kwenye mahindi gani, yule dada alinifundisha kuchanganya dawa ya kushika sumu. Wauzaji wanaiita bainda. Ni unga wa kijivu, ukiutazama utasema ni udongo, na kweli nyingine hutengenezwa kwa udongo maalumu. Ukiingia tumboni mwa kuku unaikamata sumu kabla haijaingia kwenye damu, wanaitoa kwenye kinyesi. Napima kama pakiti inavyosema, nauchanganya kwanza na pumba kidogo kwenye beseni, kisha naugawa kwenye rundo lote na kuligeuza kwa koleo mpaka mgongo unaniuma. Sikuelewa vizuri mara ya kwanza. Nilimwambia, kumbe sasa naweza kutumia hata mahindi mabovu. Alinikazia macho, akasema unga huo haushiki kila sumu wala haukirudishi chakula kilichooza kuwa kizima. Ni wa kusaidia chakula kizuri, si ruhusa ya kulisha kibovu. Nikanyamaza. Siku hizi najifunza kunyamaza, ungeniona ungecheka.

Haikuwa miujiza ya wiki moja. Wengine walikuwa wameshaharibika, niliwapoteza. Lakini waliobaki wamenyanyua vichwa, vilemba vimerudi vyekundu, na ganda la yai sasa ukiligonga linalia. Asubuhi wakianza kelele baada ya kutaga, jirani yangu analalamika, mimi nafurahi. Na dagaa nimewarudisha kwenye chakula chao, ila hawa wa dukani wananishinda harufu. Nataka wako, Kaka, na mchanga wake ukiwemo nitapepeta mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda Izimbya kumwona Mama. Nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, naye akaaga haraka, nikadhani amekasirika. Nilimkuta mlangoni, na ungo, anachambua. Mafungu matatu kama zamani. Nikaketi, nikasubiri mguu wake usukume lile la tatu. Hakulisukuma. Alilikusanya kwenye kikapu, akachukua jembe, akainuka taratibu na magoti yake yale mabovu, akaelekea nyuma ya kibanja. Nilitaka kumpokea, akakataa. Nikasimama kwenye migomba nikimwangalia anachimba palepale ulipokuwa unachimba wewe. Alipomaliza kufukia akasema kwa Kihaya, si kwangu, kwa udongo ule: kuku nao wana tumbo.

Halafu akaniuliza unakuja lini.

Nisamehe, Kaka. Nimemwambia utakuja wakati wa senene. Usinifanye niwe mwongo mara ya pili.

Mdogo wako, yule aliyekucheka,
Hamugembe