Vidole Juu Kabla ya Swali

Buyenzi, 5 Februari 2024

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Hapa kwa shangazi mimi mzima, ila sauti imekwisha. Mgongo wako unaendeleaje? Simu yangu bado mbovu, kwa hiyo barua anakuletea Shaabani wa basi.

Shuleni Gihosha nimepewa watoto karibu mia, wanabanana wanne dawati moja. Maîtresse Epiphanie, mwalimu mwenye darasa, akishanipa chaki haonekani tena. Jumatatu ijayo mwalimu wa chuo anakuja kunitazama nikifundisha. Nikianguka, sipati diploma mwaka huu. Epiphanie ananishauri nilifundishe somo hilohilo mapema, watoto walizoee. Mama, naogopa sana.

Mwanao,
Saliha

Rumonge, 8 Februari 2024

Mwanangu Saliha,

Waaleikum salaam. Mgongo unauma kidogo tu. Msikilize huyo mama, ameanza kazi kabla yako. Rudia nao mpaka walijue kama Alhamdu. Majirani wote nimeshawatangazia kuwa nina mwalimu, usiniaibishe! Natania. Nakuombea kila swala.

Mama yako

Rumonge, 3 Machi 2024

Saliha mwanangu,

Salamu nyingi. Shaabani amekuja tena mikono mitupu. Unaumwa? Jumatatu ile ilikwendaje? Niandikie hata neno moja.

Mama yako

Buyenzi, 6 Machi 2024

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Somo lilikuwa la maji yanayochemka, lile nililokwisha kulirudia nao. Kabla sijauliza chochote, vidole vyote vilikuwa juu. Nikasema tu, "Tazameni sufuria," Audace wa dawati la mbele akaruka: "Maîtresse, inakuwa mvuke!" Wenzake wakadakia jibu la pili, la tatu, na maswali bado yamo kinywani mwangu. Mwalimu wa chuo akaweka kalamu chini.

"Hii somo walishaisoma?"

Nikamtazama Epiphanie, siku hiyo amekaa nyuma ya darasa.

"Mi sijui kitu, Monsieur. Muulize ye mwenyewe."

Nikakubali kosa. Nimeanguka, mama. Nitarudia stage, mazoezi haya ya kufundisha, mwakani, shule nyingine. Usijilaumu kwa ushauri wako, mimi ndiye niliyesimama pale. Lakini inaniuma, nimelia mpaka shangazi akaogopa.

Siku ya kuaga, watoto walinizunguka mlangoni. Mpaka leo wanaamini walinisaidia. Audace akanivuta sketi: "Maîtresse, siku ile tulijibu muzuri?"

Nikamwambia, "Muzuri sana."

Mwanao,
Saliha