Nani Atakwenda Kuita

Jumamosi, 3/10/2015
Kumbe! Asubuhi namwagilia lile jani la Yudaya, nikaona tumba pembeni, dogo, jekundu. Tumba la ua! Miaka mitatu hakuna kitu, majani tu, hata binti yangu Divine analiita mboga ya bure. Yudaya ni mke wa askari kule kambi ya Makenke, Mbarara, huwa namuuzia vitenge. Alinikatia mwenyewe: "Chukua tu mama, hii maua iko na usiku moja, inanisumbua bure." Sikumwambia kwamba nalijua. Afadhali ningelikataa. Badala yake nikalipanda kwenye bido ya maji iliyokatwa, nyuma ya nyumba. Kwa nini? Sijui mimi.

Mama mukwe haoni tena, lakini masikio yake! "Apolline, kweli ua inakuya?" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Jumatano, 7/10/2015
Leo mama mukwe, Koko kama Divine anavyomwita, amemfundisha mjukuu wake desturi ya kwao Uvira. Ua la usiku halitazamwi na mtu mmoja. Jioni kikonyo kikiinuka, mwenye ua anakwenda mlango kwa mlango kuita majirani, kisha wanakaa, wanaimba, wanaomba mpaka lifunguke. Mwenye ua mwenyewe. Asitume mtu.

Divine akauliza: "Sasa ile usiku Papa alichukuliwaka, ni nani alienda kuita?" Alikuwa wa miezi mitatu tu wakati ule.

Nikasema chumvi imeisha, nikatoka. Chumvi ilikuwepo.

Jumapili, 11/10/2015
Kanisani nimeimba kwa mdomo tu. Humu sitaandika uongo. Ua lilikuwa langu, nilipewa na mama mukwe siku nilipoolewa. Jioni ile nilikuwa nimechoka, Divine ananyonya, nikamwambia mume wangu Kalume: "Enda wewe uite ba Gad, majirani, ni hapo tu." Akasema watu wenye bunduki walionekana mchana ile fasi, pale mtoni. Nikamjibu: "Uko mwanaume wa namna gani?" Basi. Akachukua taa, akaenda. Kwa Gad hakufika.

Miaka kumi na moja nawaambia watu alitoka kwa kupenda kwake. Mama yake pia nimemwambia hivyo. Namlisha, namuogesha, naye ananibariki kila jioni. Baraka zenyewe zinanichoma.

Alhamisi, 15/10/2015
Nimerudi kutoka Mbarara na vitenge vitano. Tumba limerefuka kama kidole, linaning'inia. Nikachukua wembe. Nitalikata, niseme mbuzi amekula. Ndipo harufu ikanijia — na halijafunguka bado! Ile ile ya usiku ule. Halafu nyuma yangu mtu akakohoa. Mara mbili, kisha kimya, kama alivyokuwa akikohoa Kalume.

Alikuwa Divine. "Mama, unakata nini?"

"Kucha."

Yesu wangu! Nimemwogopa mtoto wangu mwenyewe.

Jumatatu, 19/10/2015
Mama mukwe ameomba nifue shati la Kalume, lile moja tulilovuka nalo mpaka tukikimbia. "Hii harufu ya ua ataijua," amesema. "Atakuya." Nimelifua. Limeanikwa nje, silitazami.

Jumatano, 21/10/2015
Kikonyo kimeinuka. Ni leo!

Giza linaingia. Divine alishika tochi, mlango wazi: "Koko amesema tuite ba Mama Yvette na ba Karekezi." Nikamnyang'anya tochi.

"Basi ni nani ataenda?"

"Hakuna mtu anakwenda!" Nilipiga kelele mpaka mwenyewe nikashtuka. Mama mukwe akamtuma Divine nyuma kuchunga ua, akangoja hatua zake ziishe.

"Apolline. Kule nyumbani ukuta ulikuwa wa matete tu. Nilikusikiaka."

"Ulisikia nini, mama?"

"Yote. Hata ile ya mwanaume wa namna gani." Alitafuta mkono wangu, akaukosa. "Na mimi nilinyamaza. Ningemuita jina moja tu, angerudi ndani. Nilitaka ua yangu, na batu, na nyimbo."

Miaka yote hii, nyumba moja, sahani moja, na anajua!

"Sasa enda uite batu," akasema. "Wewe mwenyewe."

Nimevaa viatu. Tochi iko mkononi, daftari liko juu ya goti. Kwa Mama Yvette ni hatua arobaini, nimezipima mchana. Divine anaita kutoka nyuma: jani la kwanza jeupe la ua limefunguka! Harufu imejaa nyumba. Huko nje kwenye kamba kuna shati, lazima nipite karibu nalo.

"Apolline," mama mukwe anauliza, "umeshaenda?"

Niko hapa mlangoni, hatua mbili kutoka kwake. Nimezuia pumzi asinisikie.