Kuku Kwenye Kichujio Kitupu

Mchafukoge, Dar es Salaam
Alhamisi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ninalokuandikia sijamwambia mtu hapa nyumbani, hata mama. Natumaini huko Singida u mzima na kifua kimeacha kukubana. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema usinunue kuku waliokonda. Barua nampa Mrisho, dereva wa lori, maana kwenye simu nitalia.

Ile pampu ndogo niliyofunga juu ya paa letu ni ya klabu ya sayansi. Inavuta hewa kupitia kichujio, kisha maabara husoma vinasaba vya wanyama vilivyonaswa humo. Hivyo hujulikana kunguru na popo waliopita bila mtu kuwaona. Kila paa lina pia kichujio kitupu, ambacho hufunguliwa na kufungwa bila kuvuta hewa. Kikikutwa na kitu, basi uchafu umetoka mikononi mwetu na vipimo havifai.

Majibu yalipokuja, kichujio chetu cha hewa hakikuwa na kitu. Kile kitupu kilijaa kuku. Dakta Clotilda, msimamizi wetu, akasema kaka Elimringi wa maabara, aliyeandaa vichujio, hakuwa msafi. Nirali, mwenzangu wa klabuni, akachombeza kwamba kaka alipitia chipsi kuku kwanza. Tukacheka wote, hata mimi. Elimringi aliapa kwamba alivaa glavu mpya kila mara. Akaambiwa asije tena kazini, na vipimo vya mapaa mengine, ya Posta na Buguruni, vitupwe, kwa kuwa vilipita mikononi mwake.

Baba, niliyebadilishana lebo za vichujio vyetu viwili ni mimi. Nilijua hewa ya paa letu itataja banda lako la kuku hapo chini, nami nilikuwa nimemwambia Nirali unauza vitambaa. Siku ile ulipopita shuleni na manyoya kwenye kofia, aliniuliza wewe ni nani. Nikasema ni mtu wa mtaani kwetu. Nisamehe.

Jumatatu nilimwomba Dakta Clotilda niseme mbele ya wote. Nikasema kila kitu, pamoja na kazi yako. Safari hii Nirali hakuchombeza. Nimetolewa klabuni. Elimringi amerudi kazini, ila salamu yangu hajaiitikia.

Jana nilipotoka shule sikubadili sare. Nilikwenda bandani, nikawapa kuku maji, nikauza hadi adhana ya magharibi.

Wasalimie wenyeji wako. Mungu akurejeshe na afya.

Mwanao,
Arwa Hamud