Nduku Amekataa Kuketi

Ciku, Nduku wetu amemjibu mzee wa kijiji mbele ya baraza lote! Baba mkwe wake! Baba mkwe, Ciku!

Mtaalamu wa hewa na wenzake walikuja hapa Ikutha na picha ya setilaiti. Ati hewa imejaa vumbi linalotoka kwenye tanuri la matofali la akina mama, kwa hivyo lifungwe.

Nduku, si unajua alisomea hayo mambo, akasimama. "Setilaiti huona mwangaza wa ardhi na wa vumbi pamoja. Ili mpate wa vumbi, mlitoa ule wa ardhi mkidhani bado ina kichaka. Lakini kabla ya picha hii mzee alitufyekesha bonde lote ili kuwakaribisha nyinyi wageni! Udongo mtupu unang'aa, mnauita vumbi!"

Mzee akanguruma, "Mke wa mwanangu, keti!"

Hakuketi. Ciku, hakuketi!

"Nitaketi nyasi zikiota tena bondeni, baba."