Siku Tatu za Kumfungia Mama Kilo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Baridi kali; huku kusini mwa dunia Agosti ndiyo kipupwe. Mama Kilo kazaa jana — kumi na mmoja! Jina hilo alipewa na Masumbuko, Mkongo ninayefanya naye kazi hapa shambani: nguruwe wa kilo mia mbili na hamsini utamwitaje? Asubuhi Masumbuko kanipigia nikiwa kwenye treni, ndiyo kwanza tunafika Liverpool, hii ya huku, si ile ya mpira. “Dada Kendi, batoto balilaliwa.” Nikacheka. Kwetu Kenya ukilaliwa, umepunjwa bei. Nikauliza mnunuzi gani huyo mjanja. Akanieleza: “Mama yabo alibalalia, dada. Batatu. Balikufa.” Niliona aibu.

Jumanne, 5 Agosti
Mmoja tena. Wamebaki saba. Baridi inawasukuma ubavuni mwa mama, taa ya joto hawana habari nayo. Wahenga wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Sawa — na watoto wakielemewa na mama?

Nimemwomba bosi, Douglas, tumfungie Mama Kilo siku tatu tu kwenye kizimba cha chuma cha zamani, kiko bado pale bandani. Hataki hata kusikia. Cheti cha ufugaji wa huruma kinataka mzazi awe huru kugeuka, na mkaguzi anakuja Ijumaa. Bila cheti, supamaketi hazichukui nyama yetu, na sisi sote nyumbani. Eti vifo vichache ni kawaida. Kawaida! Anayewaokota ni mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Douglas kasafiri, anarudi kesho jioni. Tumemfungia Mama Kilo. Masumbuko alisita: ana familia, kazi ni hii tu. Nikamwambia likiharibika, ni langu. Akashika mlango wa chuma upande wa pili.

Alhamisi, 7 Agosti
Hakuna aliyekufa. Hata mmoja! Saba, matumbo duara.

Lakini Mama Kilo anang'ata chuma tangu jana. Hawezi kugeuka hata awanuse. Anakwaruza sakafu tupu kana kwamba anatandika majani. Fizi zinatoka damu. Nimesomea mifugo, hali hii naijua vitabuni, nilidhani nitaivumilia. Nimeshindwa. Masumbuko kanisihi: “Ungoje mpaka jioni tu, dada, bapate nguvu kidogo.” Na anasema kweli. Najua anasema kweli.

Saa nane mchana nimefungua.

Saa tisa. Niko ndani naye, nimekaa kwenye majani, ubao mkononi wa kumzuia, daftari gotini. Masumbuko yuko nje, kanipa mgongo. Mama Kilo amejitandikia kwa mdomo, polepole, vizuri kweli. Anaguna. Sijawahi kumwona ametulia hivi, na nimefurahi, siwezi kukana. Watoto wako chini ya taa. Sita.

Anapiga magoti alale. Nimehesabu tena. Sita. Nasukuma ubao, hausogei, Masumbuko njoo, wa saba yuko chini ya